Mwanzi Mzima: Historia ya Mgongo wa Gari, Kutoka Nachingwea Hadi Safari

Matingatinga mawili yalitembea sambamba porini, katikati yao ukiburuzwa mnyororo mzito wa aina ile inayoshika nanga za meli. Mti uliokutwa katikati uliinama, ukang'oka na mizizi yake, ukalala. Ulipogoma, tingatinga la tatu lilikuja kwa nyuma na kuusukuma. Hivyo ndivyo Waingereza walivyotaka kuyageuza mapori ya Tanganyika kuwa mashamba ya karanga, miaka michache tu baada ya Vita Kuu ya Pili.

Mpango ule umesimuliwa mara nyingi kama kisa cha kilimo, au cha siasa, au cha kiburi cha wakubwa. Hapa tutausimulia kama kisa cha vyuma. Maana Nachingwea ni mahali ambapo nguvu nyingi ziliwahi kuletwa kwa meli na kupelekwa porini, na ardhi ikazirudisha zikiwa skrepa. Somo lililopatikana hapo lilikuja kurudiwa miaka kumi na mitano baadaye, safari hii na magari ya fahari kutoka Marekani. Somo lenyewe ni hili: injini hukupa mwendo, lakini ni mgongo unaokufikisha.

Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, aliipelekea serikali ya Uingereza wazo la kulima karanga Afrika Mashariki. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na njaa ya mafuta ya kula. Siagi na mafuta vilipimwa kwa kadi. John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, akatumwa na wenzake kukagua ardhi. Ripoti yao ilipendekeza ekari 3,210,000 zilimwe katika mashamba 107, kila shamba ekari 30,000, kwa gharama ya takriban pauni milioni 25. Mashamba 80 kati ya hayo yangekuwa Tanganyika: 15 Kongwa, 10 Urambo, na 55 Jimbo la Kusini. Kwa hiyo ingawa Kongwa ndiyo iliyokuja kubeba aibu ya mpango huo, kwa hesabu za karatasi moyo wa mpango ulikuwa Kusini, na makao yake yakawa Nachingwea.

Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Matrekta mapya hayakupatikana, kwa kuwa ulimwengu mzima ulikuwa unajijenga upya na kila nchi ilikuwa kwenye foleni. Wakanunua yaliyobaki vitani, mengine yakitoka mbali hadi Ufilipino, ambako jeshi la Marekani lilikuwa limeyaacha kwenye mvua na chumvi. Vickers-Armstrongs nao wakachukua vifaru vya Sherman, wakaondoa mizinga na ngozi ya chuma, wakavifanya matrekta. Kitu hicho kipya kikapewa jina la mchanganyiko: Shervick.

Kwa macho, Shervick ilikuwa mnyama. Lakini kifaru hujengwa kwa kazi ya kifaru. Uzito wake hukaa juu ya minyororo ukigawanyika sawasawa, na chuma chake kimepangwa kuzuia risasi zinazotoka nje. Kusukuma visiki kutwa nzima ni kazi nyingine. Pale nguvu inaingilia mbele, kwenye pembe moja, mara kulia mara kushoto. Upande mmoja unagoma huku mwingine unaendelea kusonga, na chuma cha katikati kinasokotwa kama nguo inayokamuliwa. Mara moja hakivunjiki. Mara mia hakivunjiki. Lakini wahenga walikwisha kusema, papo kwa papo kamba hukata jiwe. Chuma kinachosokotwa na kurudi, kikasokotwa na kurudi, huota ufa usioonekana kwa jicho, kisha siku moja hukatika kwa mzigo uleule kilioubeba jana.

Kabla mwaka 1947 haujaisha, thuluthi mbili ya matrekta ya mpango huo yalikuwa yamelala bila kazi. Sababu zilikuwa nyingi: ukosefu wa spea, udongo wa Kongwa uliokula majembe kama msasa, mafundi wachache na madereva waliojifunza wakiwa kazini. Kwa jicho la vyuma, kulikuwa na kosa jingine. Mashine zilichukuliwa kwa nguvu zake, bila kuulizwa vya kutosha mwili wake umejengwa kwa kazi ya aina gani.

Mwaka 1948 serikali ya Uingereza iliunda shirika jipya, Overseas Food Corporation, likabeba mzigo wa mpango. Kusini ilihitaji kila kitu. Reli ikajengwa kutoka Mkwaya, kwenye ghuba ya Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Bandari ya kina kirefu ikaanza kuchimbwa Mtwara. Mji ukachorwa, uwanja wa ndege ukasawazishwa, mashamba yakapewa namba. Kisha, Januari 1951, London ikatangaza kwamba mpango umekwisha. Hasara ilikuwa kiasi cha pauni milioni 36. Reli iliendelea kwa muda ikibeba mizigo michache, ikafungwa mwaka 1962.

Namba za mashamba ndizo zilizodumu kuliko karanga. Farm 17 ya Nachingwea ilikuja kuwa jina la heshima pale wapigania uhuru wa Msumbiji wa FRELIMO walipofanya eneo hilo kambi yao kuu ya mafunzo katika miaka ya 1960. Mei 1975 Samora Machel aliondoka Nachingwea, akavuka mto Ruvuma na kuanza safari yake ya ushindi kuelekea Maputo. Lakini hiyo ni historia yenye waandishi wake. Sisi turudi kwenye vyuma.

Mwaka uleule wa 1948 ambao shirika la karanga lilizaliwa, kulizaliwa pia gari ambalo Nachingwea, Ruangwa, Liwale na Masasi zingelijua kwa miaka mingi. Tarehe 30 Aprili, kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam, kampuni ya Rover ilionyesha Land Rover ya kwanza. Nguvu yake ilikuwa ndogo kiasi cha kuchekesha. Ajabu yake ilikuwa chini, mahali ambapo mnunuzi hainami kutazama. Chesi yake haikufinyangwa kwa mashine kubwa za gharama. Mafundi walichukua vipande vinne virefu vya bati nene, wakavipanga kama pande nne za sanduku, wakavichomelea kwenye kona kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ikatoka boriti yenye uwazi ndani na kuta pande zote.

Ili kuelewa kwa nini hilo lilikuwa jambo kubwa, huna haja ya kitabu cha uhandisi. Chukua mwanzi mzima, ushike ncha mbili, ujaribu kuusokota. Hausokoteki. Sasa upasue kwa urefu upande mmoja tu, ushike tena, usokote. Unapinda mkononi kama ukanda. Nyuzi ni zilezile na unene ni uleule, na uzito haujapungua hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba duara limefunguka, na nguvu ya kusokota haina tena njia ya kuzunguka na kujirudia. Ndiyo maana bomba au sanduku lililofungwa hulishinda kwa mbali bati lililokunjwa pande tatu, hata kama chuma ni kilekile. Land Rover ilikuwa mwanzi mzima.

Chesi ya lori, kwa upande mwingine, ni mwanzi uliopasuliwa, na imefanywa hivyo kwa makusudi. Ukiangalia chini ya lori lolote linalobeba korosho au ufuta kutoka Ruangwa, utaona vyuma viwili virefu vyenye umbo la mfereji uliolazwa ubavu, vimeunganishwa kwa vyuma vya kukingama kwa ribiti. Lori likipita juu ya gema, tairi moja likiwa juu na jingine shimoni, chesi hujisokota kidogo ili matairi yote yaendelee kugusa ardhi. Kusokoteka huko ni sehemu ya miguu yake. Ndiyo sababu fundi mgeni huliharibu lori kwa nia njema. Anaona ufa, anakata bamba nene la mraba, analichomelea juu ya ufa kuzunguka pande zote, anafuta jasho. Baada ya miezi michache chesi inakatika tena, si pale paliponenepeshwa, bali sentimita moja nje ya bamba. Pale ndipo ugumu unapokutana ghafla na ulaini, na msokoto wote uliokuwa ukigawanyika katika mita nzima sasa unadondokea kwenye mstari mmoja wa kuchomelea. Fundi mzoefu hukata ncha za bamba lake kwa mshazari, zikaisha polepole kama ncha ya mkuki, wala hapitishi mstari wa kuchomelea ukikingama kwenye chesi. Bamba ni lilelile. Linaloyatofautisha mawili haya ni kujua nguvu inapita wapi.

Gari dogo si lori. Gari dogo likisokoteka, dereva hupotea. Springi na shokapu zimepimwa zifanye kazi fulani: kumeza shimo, kurudisha tairi chini, kulishikilia barabarani kwenye kona. Lakini zinaweza kufanya hivyo tu iwapo mahali zilipofungwa hapatikisiki. Bodi ikipinda, huwa ni springi ya tano isiyo na shokapu: inajinyonga, inarudi, inatetemeka, na pembe za matairi hubadilika bila mtu kugusa usukani. Dereva anahisi gari linajiamulia njia.

Somo hili lilifika Afrika Mashariki kwa kishindo Pasaka ya mwaka 1964, wiki chache kabla ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Mashindano ya Safari yalikuwa yameanza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye yakawa yakipangwa wakati wa Pasaka ambapo masika hugeuza barabara kuwa mto wa tope. Mwaka huo kampuni ya Ford ya Marekani ilileta kikosi cha Mercury Comet. Yalikuwa ya kizazi kile ambacho Wamarekani huyaita magari ya misuli: gari la ukubwa wa kawaida lililopewa injini ya mapande manane, hapa ya lita 4.7. Yalitayarishwa na Bill Stroppe, fundi maarufu wa Long Beach, California. Na yalikuja na cheti cha kujivunia. Miezi michache kabla, Comet zilikuwa zimezungushwa Daytona, Florida, kila moja maili 100,000, usiku na mchana, kwa wastani wa zaidi ya maili 100 kwa saa. Gari lililostahimili hayo, nani angelitilia shaka?

Lakini Daytona ni lami laini kama sahani. Injini hujaribiwa pale, na tairi, na mafuta. Mgongo haujaribiwi, kwa sababu matairi yote manne hukaa usawa mmoja. Safari ilikuwa kinyume chake. Magari 94 yaliondoka Nairobi. 21 tu ndiyo yaliyomaliza. Comet mbili zilifika, moja ikiwa ya 18, nyingine ya 21. Ile ya mwisho iliendeshwa na Joginder Singh, mtoto wa fundi gereji wa Kericho. Ushindi ulikwenda kwa Peter Hughes na Billy Young katika Ford Cortina GT, gari la kampuni ileile lenye injini ya lita moja na nusu, chini ya theluthi moja ya ile ya Comet.

Ulaya nako gari dogo lilishinda kubwa. Januari ya mwaka huohuo, kwenye mashindano ya Monte Carlo, Bo Ljungfeldt alikuja na Ford Falcon, ndugu wa damu wa Comet, yenye injini ya aina ileile ya mapande manane. Akashika nafasi ya pili, akishindwa na Paddy Hopkirk katika Mini Cooper S ya cc 1071. Falcon, Comet na Mustang iliyozinduliwa Aprili 1964 zilitokana na msingi mmoja, na msingi huo ulikuwa na ugonjwa mmoja.

Magari hayo hayana chesi ya kujitegemea kama lori. Mwili wenyewe ndio chesi. Mbele, springi na shokapu zimesimama ndani ya makasha mawili ya bati, moja kila upande wa injini. Kila shimo hulisukuma kasha juu na kwa ndani, kuelekea injini. Baada ya mashimo elfu kadhaa makasha huanza kuegemeana, bati hufanya ufa, na matairi ya mbele huacha kusimama wima. Katikati ya gari kuna udhaifu mwingine. Vyuma virefu vya mbele huishia chini ya kiti cha dereva. Vya nyuma huanzia chini ya kiti cha abiria wa nyuma. Kati yao hakuna kitu ila sakafu ya bati na kingo za milango. Ukitia injini yenye nguvu kubwa, mbele husokota kuelekea huku na nyuma kuelekea kule, na sakafu hulipa deni.

Dawa iliyopatikana ilikuwa nyepesi kuliko ugonjwa. Ford wenyewe walitengeneza upau wa chuma unaofunga makasha yote mawili kwenye ukuta wa nyuma ya injini, wakauweka kwenye magari yaliyouzwa nje ya Marekani, ambako barabara zilikuwa mbaya. Upau wa pili ukakingama kutoka kasha hadi kasha juu ya injini, na hadi leo mafundi wa magari hayo huuita Monte Carlo. Hapo umepata pembetatu, na pembetatu ndiyo umbo pekee lisilolala. Ganda la nje la kiberiti, ukiondoa kidroo chake, hulala ubavu kwa kidole kimoja. Bandika kijiti kimoja kwa mshazari ndani yake, litagoma. Kwa udhaifu wa katikati, mafundi walichukua bomba za mraba, ndiyo ile mianzi mizima, wakaziunganisha toka chuma cha mbele hadi cha nyuma, kulia na kushoto, na kuzichomelea kwenye sakafu njia yote.

Afrika Mashariki haikuhitaji miaka mingi kuelewa. Mwaka 1965 Joginder Singh, yule aliyemaliza wa 21 na Comet, alirudi na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544, gari la mtumba lililokwisha kushiriki Safari iliyotangulia, mgongo wake mnene kama wa kobe. Akashinda. Miaka iliyofuata, 1966 na 1967, Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda mara mbili mfululizo na Chris Rothwell katika Peugeot 404, gari ambalo Watanzania wengi wa umri fulani walilijua kama teksi na gari la abiria, sio kama gari la mbio. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokaribia nguvu za Comet.

Wageni walipokuja kushinda hatimaye, walikuja na somo lilelile mkononi. Hannu Mikkola na Gunnar Palm walishinda mwaka 1972 na Ford Escort RS1600, wakiwa madereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kulichukua taji hilo. Escort za aina hiyo hazikujengwa juu ya bodi ya kawaida ya sokoni. Zilitumia bodi ya pekee iliyoongezwa mabamba kwenye sehemu zinazobeba springi na kwenye vyuma virefu vya chini. Ndani, gari la mbio lilivikwa tundu la mabomba. Watu hudhani tundu hilo ni la kumlinda dereva gari likipinduka tu. Kumlinda humlinda, lakini mabomba yake yakifungwa hadi kwenye makasha ya springi, huwa ndiyo mifupa ya gari zima.

Kuna jambo moja ambalo historia hii yote inalisema, na ambalo huku kwetu husahaulika gereji hadi gereji. Gari likianza kuyumba au kugonga chini, fundi huongeza springi ili likae juu na kwa ugumu. Gari linatulia siku ya kwanza. Lakini ugumu ule sasa unapeleka kila shimo moja kwa moja kwenye bodi, na bodi ambayo haikuongezwa chochote ndiyo inayovunjika. Njia ya washindi wa Safari ilikuwa kinyume: mgongo mgumu, miguu laini. Bodi isiyopinda hukuruhusu uwe na springi laini inayofuata ardhi, na tairi linalofuata ardhi ndilo linaloshika kona.

Kwa hiyo mwenye gari la zamani, liwe Mustang ya mkusanyaji wa Dar es Salaam au Peugeot ya babu iliyofunikwa turubai Nachingwea mjini, aanze na kutu. Bati lililooza halishiki kuchomelewa. Bamba jipya juu ya kutu ni kiraka juu ya kidonda. Kisha aliweke gari kwenye ardhi sawa, likiwa limekalia matairi yake, kabla ya kuunga chochote, maana gari likichomelewa huku limepinda, limepindishwa milele. Achomoe nyaya za betri. Achomelee kidogo kidogo, akihama kutoka upande huu kwenda ule, joto lisije likavuta bati. Na kila bamba atakaloweka, ncha zake ziishe kwa mshazari.

Kabla ya yote hayo, apime. Piga jeki tairi moja la mbele hadi linyanyuke, kisha fungua mlango wa upande huo na uufunge tena. Mlango ukifungika bila kugoma, gari lako lina mgongo. Ukigoma, au ukikwaruza chini, usiongeze farasi hata mmoja kwenye injini. Nachingwea ilishapewa farasi wengi mno.